Jiometri ya Ufipa na Makabati ya Vyuo

Tasnifu ni neno la heshima katika vyuo vyetu, lakini heshima yake ni ya siku chache. Mwanafunzi huiandika kwa miaka miwili, mitatu au zaidi; huitetea mbele ya watahini wachache; huifunga kwa jalada gumu lenye herufi za dhahabu; kisha huikabidhi maktabani. Siku ya mahafali hupigiwa vigelegele, na tangu siku ile kazi yake haina mgeni ila vumbi. Katika elimu ya hisabati desturi hii imekaribia kuwa sheria. Makala haya yamekusudiwa kuipinga. Dai langu ni moja: tasnifu ambayo haijapelekwa mbele ya waamuzi wasiomjua mwandishi wake haijakamilika, hata kama imekwisha kumpa shahada, na msomi wa Ufipa, ambaye nchi yake imejaa maswali ya jiometri, ana haki na wajibu wa kuyapeleka maswali hayo mahali yanapopimwa.

Nasema jiometri, na hasa jiometri ya kompyuta. Hii ni elimu inayotafuta njia za hesabu ambazo mashine yaweza kuzifuata ili kujibu maswali ya maumbo. Katika nukta hizi elfu, zipi mbili zilizo karibu kuliko zote? Nchi hii igawanywe vipi ili kila mkazi ajue kisima kilicho karibu naye? Njia fupi ya kuvuka milima hii ni ipi? Katika elimu hii kujibu hakutoshi. Sharti mtu athibitishe kwamba jibu lake ni sahihi, na aonyeshe kazi ya mashine huongezeka kwa kadiri gani nukta zinapoongezeka. Wataalamu wake wana mkutano mkuu wa kila mwaka, ulioanza Baltimore, Marekani, mwaka 1985. Una ndugu yake mdogo wa Kanada, ulioanza Montreal mwaka 1989, ambao hupokea makala mafupi. Mikutano hii si karamu wala mahali pa hotuba za kufungua na kufunga. Makala hupelekwa miezi kadhaa kabla, husomwa na wahakiki, hukubaliwa au hukataliwa, na yaliyokubaliwa huchapishwa katika kitabu cha mkutano. Kwa watu wa elimu hii, mlango wa mkutano ndio mlango wa maarifa yenyewe.

Shahidi wangu wa kwanza ni historia ya elimu hiyo. Michael Shamos alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1975 yeye na Dan Hoey walipeleka katika mkutano wa misingi ya sayansi ya kompyuta makala kuhusu nukta zilizo karibu. Humo walionyesha njia ya haraka ya kuchora mgawanyo wa nchi uitwao kwa jina la Voronoi, mwanahisabati aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Ukraine, na aliyeandika habari zake mwaka 1908. Katika mgawanyo huo kila kisima, au kila zahanati, hupewa eneo lake, yaani mahali pote palipo karibu nayo kuliko nyingine yoyote. Tasnifu ya Shamos ilikamilika mwaka 1978, na mwaka 1985 yeye na Franco Preparata walitoa kitabu ambacho wanafunzi wa dunia nzima walijifunzia jiometri ya kompyuta. Msomaji na aitazame vizuri miaka hiyo. Makala yalitangulia, jalada likafuata. Kijana yule hakungoja kuvikwa joho ndipo aulize kama hoja yake ina nguvu. Aliuliza angali mwanafunzi, na waliomjibu hawakuwa walimu wake.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali, na kwamba mtu wa nyanda za juu za kusini magharibi hana la kuwaambia wataalamu wa Baltimore. Msemo huu hauko mbali na matusi, ingawa mara nyingi hutamkwa na sisi wenyewe. Wenye kusema hivyo nawaomba waitazame Ufipa kwa jicho la hesabu.

Mji wa Sumbawanga upo katika kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi uwanda hukatika na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake upo katika kimo cha mita 770 hivi. Upande wa mashariki hukatika tena na kuteremka hadi Bonde la Rukwa. Basi Ufipa ni kama meza yenye kuta mbili, na kimo cha kila ukuta kinakaribia kilomita nzima. Mgawanyo wa Voronoi, kama unavyofundishwa darasani, hudhani kwamba watu hutembea kwa mstari ulionyooka katika uwanja tambarare. Peleka dhana hiyo Muze au Mtowisa, kule bondeni, uone itakavyomwonea mgonjwa. Zahanati iliyo juu ya uwanda yaweza kuonekana karibu naye katika ramani kuliko ile iliyo bondeni, lakini kati yake na zahanati hiyo pana mlima. Ramani itampangia huduma mahali ambapo miguu yake haitamfikisha. Kosa kama hili si la karatasi tu. Laweza kuwa mama mwenye uchungu aliyechukuliwa na ndugu zake katika njia ya mawe usiku.

Mwaka 1987 Joseph Mitchell, David Mount na Christos Papadimitriou walichapisha njia ya kutafuta mwendo mfupi juu ya uso wa umbo lenye mabonde na migongo. Ni kazi kubwa, na wengi wameiendeleza tangu wakati huo. Lakini Mfipa ana la kuuliza zaidi. Kupanda ukuta wa bonde si sawa na kuushuka: mwendo wa kwenda una gharama moja na wa kurudi una nyingine. Njia inayopitika kiangazi haipitiki masika. Barabara ya gari huzunguka pale ambapo njia ya miguu hukata. Mambo haya yote yaweza kuandikwa kwa lugha ya nukta, pande na gharama, na kila moja lina nadharia ndani yake inayongoja kuthibitishwa au kukanushwa. Ni nani atakayeuliza swali hili kwa usahihi, kama si yule aliyeupanda mlima wenyewe akiwa na mzigo kichwani?

Au tutazame shamba. Tangu kale Wafipa wamelima kwa matuta ya mviringo yaitwayo ntumba. Majani hukusanywa na kufunikwa kwa udongo ili yaoze na kuwa mbolea, na baadaye tuta husambazwa ili ardhi iliyonona ipandwe nafaka. Kila anayesimama juu ya kilima na kuliangalia shamba la namna hiyo huona duara zilizopangwa penye uwazi. Jiometri husema kwamba duara zilizo sawa zikipangwa kwa safu za mraba hufunika takribani asilimia 78.5 ya uwanja. Zikipangwa ili kila moja izungukwe na sita hufunika takribani asilimia 90.7, na karne ya 20 ilithibitisha kabisa kwamba hakuna mpango unaoshinda huo katika uwanja usio na mwisho. Lakini shamba la mkulima lina mwisho: lina mpaka uliopinda, lina mti katikati, lina mteremko ambao maji ya mvua hupita. Kupanga duara katika kiwanja chenye mipaka ya ovyo ni swali linalowatoa jasho wataalamu hadi leo. Sisemi kwamba mkulima wa Ufipa alikuwa akiandika nadharia kwa jembe. Nasema kwamba swali lipo shambani kwake, na kwamba mjukuu wake aliyesoma hana udhuru wa kwenda kutafuta swali la kuazima.

Yupo atakayejibu kwamba maswali ya Kiafrika hayana nafasi katika mikutano ya namna hiyo. Jibu lake limekwisha kutolewa, na ni jibu la kutuonea haya. Wachokwe wa Angola, pamoja na wenzao wa kusini mwa Kongo na kaskazini magharibi mwa Zambia, walikuwa na sanaa ya kuchora mchangani michoro iitwayo sona. Mzee hupanga nukta kwa kidole, kisha huzungusha mstari mmoja kati yake, mara nyingi bila ya kuinua kidole, huku akisimulia hadithi. Paulus Gerdes, aliyefanya kazi Msumbiji hadi kufariki kwake mwaka 2014, aliichunguza hesabu ya michoro hiyo kwa miaka mingi akaiandikia vitabu. Baadaye wataalamu wa jiometri ya kompyuta waliipokea. Katika mkutano wa Kanada wa mwaka 2006 maswali juu ya sona yaliwekwa wazi mbele ya wote. Na katika mkutano huohuo wa mwaka 2020 waandishi tisa, miongoni mwao Erik Demaine na David Eppstein, waliyajibu. Walithibitisha kwamba kutafuta mchoro wa sona ulio mfupi kuliko yote ni miongoni mwa kazi ambazo hakuna mtu ajuaye njia ya haraka ya kuzifanya kwa kila hali.

Siwalaumu waandishi wale, nawashukuru. Walifungua mlango na kuonyesha kwamba mchanga wa Afrika una nadharia ndani yake. Lakini najiuliza: miaka kumi na minne ilipita kati ya swali na jibu. Katika miaka hiyo vyuo vyetu vya Afrika ya Mashariki vilitoa shahada za hisabati kila mwaka. Swali lilikuwa wazi, halikulindwa kwa kufuli, na asili yake ilikuwa katika nchi iliyo jirani na jirani zetu. Hatukuweza kulijibu, au hatukujua kwamba limeulizwa? Naogopa jibu ni la pili, na la pili ndilo baya zaidi. Asiyepeleka makala mkutanoni huwa pia hasomi makala ya mkutano.

Sasa nije kwa wale wenye kushika methali. Husema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," wakiwa na maana kwamba kazi njema haina haja ya kuhangaika kutafuta waamuzi. Methali ni ya kweli, lakini inasemwa kwa bidhaa iliyowekwa barazani, ambako wapitao huiona. Bidhaa iliyofungiwa kabatini haijiuzi, iwe dhahabu au iwe makapi. Anayetaka mfano wa karibu na autazame Ufipa tena. Bertram Mapunda aliandika juu ya ufuaji wa chuma kusini magharibi mwa Tanzania, na kazi yake ikampatia shahada katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995. Kazi ile haikuachwa ilale, kwani mwaka 2010 kitabu chake juu ya ufuaji chuma wa Wafipa kilitoka Kampala. Tanuri ndefu za udongo za Ufipa zimepata wasomaji kwa sababu mtu mmoja hakuridhika na jalada. Kama akiolojia imeweza, hisabati ina kizuizi gani?

Wengine huuogopa mlango wenyewe. Husema kwamba waamuzi wa ng'ambo hutazama jina na chuo, wala si hoja. Hofu hii haikuzuka bure, lakini kwa mkutano huu haina nguvu iliyokuwa nayo zamani. Katika miaka ya karibuni mkutano mkuu umeweka desturi ya kuficha majina, hata mhakiki husoma makala bila ya kuonyeshwa mwandishi ni nani. Urefu una kipimo kimoja kwa wote: mistari 500, mbali na ukurasa wa kwanza na orodha ya marejeo. Mwenye jina kubwa hapewi mstari wa 501. Tangu mwaka 2015 vitabu vya mkutano hutolewa kwa mtandao kutoka Dagstuhl, Ujerumani, na msomaji hatozwi hata senti. Hata saa ya mwisho ya kupokea makala imewekwa kwa huruma. Desturi iliyoenea katika mikutano hii ni kuihesabu kwa saa za mahali ambapo siku hukawia kwisha kuliko popote duniani. Saa sita ya usiku ya huko ni saa tisa ya alasiri ya siku inayofuata Sumbawanga. Katika mbio hizi, basi, Mfipa huongezewa asubuhi nzima.

Tena kukataliwa si aibu. Kwa kawaida makala yanayokataliwa na mkutano mkuu ni mengi kuliko yanayokubaliwa, na waliokataliwa hurudishiwa maelezo ya wahakiki. Maelezo hayo, ambayo hayalipiwi, mara nyingine yana thamani kuliko semina ya muhula mzima. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini sisi tumeingiwa na woga mithili ya woga wa uchawi: twaliona neno "hapana" kama kago ambalo mtu akilivuka atadhurika. Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi. Basi na tuutupe na huu.

Woga huo umezaa biashara. Wako wafanyao mikutano na majarida ambayo hayakatai kitu, mradi ada imelipwa. Mwaliko huja wenyewe, umejaa sifa. Makala hupokelewa leo na kusifiwa kesho. Cheti hutolewa chenye mhuri mwekundu. Chuo kinachohesabu makala kwa idadi, bila ya kuuliza yalisomwa na nani, ndicho kinacholisha biashara hii. Mwalimu hupandishwa cheo kwa makala kumi ambayo hakuna aliyeyapinga, na mwenzake aliyekataliwa mara mbili na kukubaliwa mara moja huonekana mvivu. Huku ni kupima mchele kwa mita na kitambaa kwa pishi.

Ingawa nimewasema wenzangu, siwaachi wenye mkutano. Tangu mwaka 1985 hadi mwaka 2025 mkutano mkuu umefika Hong Kong, Rio de Janeiro, Kyoto, Brisbane na Kanazawa. Barani Afrika haujafika hata mara moja. Makala yakikubaliwa, mmoja wa waandishi hutarajiwa kujiandikisha na kuyasoma mbele ya wenzake. Na kwa mtu wa Sumbawanga maana yake ni basi hadi Dar es Salaam, foleni ya viza, tikiti ya ndege na malazi, kabla hajatamka neno moja la hoja. Hoja imehukumiwa bila ya jina, lakini mwili unahukumiwa kwa pasipoti. Nao hawawezi kusema kwamba hakuna njia nyingine. Mwaka 2020 mkutano uliopangwa kufanyika Zürich, na mwaka 2021 ule uliopangwa kufanyika Buffalo, yote miwili ilifanyika kwa mtandao kwa sababu ya korona, na elimu haikufa. Lililowezekana kwa ajili ya ugonjwa haliwezi kushindikana kwa ajili ya haki. Atakayenyimwa viza apewe nafasi ya kusoma makala yake akiwa kwao, na hili liwe kanuni badala ya kuwa hisani.

Iko na hoja ya lugha. Makala ya mikutano hii huandikwa kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo wako wapendao Kiswahili wanaoona kwamba kuyaandika ni kuikimbia lugha yetu. Mimi naona kinyume. Lugha hukuzwa na mtu aliyekwenda akarudi na kitu cha kueleza. Msamiati wa jiometri hautatungwa na kamati isiyokuwa na nadharia mkononi. Utatungwa na mtu anayetafuta neno la kumweleza mama yake alichothibitisha. Kwa hiyo kila anayepeleka makala ng'ambo na aache nyumbani muhtasari wa Kiswahili wenye nadharia yake, mchoro wake na maana yake. Mkutano utapata makala, na Kiswahili kitapata neno.

Basi nadai nini? Nadai kwanza kwamba kila idara ya hisabati au ya kompyuta nchini, tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi ndaki ya Rukwa ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, iweke sharti moja jipya. Kabla ya kutetea tasnifu, mtahiniwa awe amepeleka sehemu ya kazi yake kwa waamuzi wa nje ambao hukataa. Si sharti yakubaliwe, sharti yapelekwe. Barua za wahakiki, hata zile za kukataa, zifungwe mwishoni mwa tasnifu pamoja na majibu ya mtahiniwa, ili atakayefuata ajue mwenzake alikwazwa wapi. Pili, fedha za safari zitengwe kabla ya fedha za majalada na karamu. Tatu, Chama cha Hisabati Tanzania, ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1966, kikusanye kila mwaka maswali yaliyoachwa wazi katika mikutano mikuu, kiyatangaze kwa Kiswahili katika vyuo vyote, ili pasipite tena miaka kumi na minne juu ya swali la jirani bila ya sisi kulisikia.

Madai haya hayahitaji jengo jipya wala mashine ya thamani kubwa. Jiometri ni elimu ya maskini: kalamu, karatasi, na mtu asiyekubali jambo bila ya uthibitisho. Yanayohitajika zaidi ni mabadiliko ya heshima. Leo twamheshimu mtu kwa sababu amemaliza. Yafaa tuanze kumheshimu kwa sababu amepingwa na wasiomjua, akawajibu. Ukuta wa Bonde la Rukwa umesimama pale na swali lake. Atakayelijibu huenda akawa kijana wa Namanyere au wa Laela, na huenda akawa mgeni aliyeuona katika picha za satelaiti tu. Elimu itafaidika kwa vyovyote vile. Sisi hatutafaidika kwa kiasi kilekile. Atakayepeleka kwanza ndiye atakayelipa swali jina lake.